Kamba ya Mtungi wa Kavata

Noonkopir,
S.L.P. 83,
Kitengela.
6 Agosti 2001

Mpendwa ndugu yangu Mbithi,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko Gaborone haijakutia mafua kama mwaka jana, na kwamba wanafunzi wako wanakusikia. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomsumbua. Mimi niko salama, ila nimenenepa, na usinicheke.

Ungekuja leo ungepotea. Pale nyumbu walipokuwa wakipita mpaka nyuma ya choo chetu, sasa ni mawe ya mipaka ya ploti kila mahali. Kisima cha jirani yetu Mzee Kisemei bado kipo, lakini kimezungushiwa seng'enge na hakuna anayekwenda. Maji tunateka mferejini, na mimi naikumbuka ile njia ndefu.

Sasa habari ya dada yetu Kavata. Unajua tulivyomnywesha dawa miezi minane tukiamini ni TB. Haikuwa TB. Daktari wa moyo huko Nairobi ametueleza kwamba valvu moja ya moyo wake, kile kilango cha kupitishia damu, iliharibika utotoni, kwa sababu ya zile homa za koo tulizokuwa tukizitibu kwa maji ya chumvi. Imekakamaa ikabaki tundu dogo. Damu haipiti vizuri, inarudi kujaa mapafuni, ndiyo maana alikuwa akikohoa damu na kulala ameketi.

Ni lazima apasuliwe, valvu ibadilishwe. Shida ni kwamba tumechelewa. Presha ya mapafu imepanda na upande wa kulia wa moyo umechoka kusukuma, kwa hiyo hatari ambayo ingekuwa ndogo miaka mitano iliyopita sasa ni kubwa. Daktari hakutuficha: anaweza kufia mezani, au ashindwe kupumua bila mashine. Lakini akikaa hivi hivi, daktari hadhani atamwona binti yake Yvonne akimaliza darasa la tatu. Wanampa vidonge vya kukausha maji mapafuni kwanza, kisha tarehe nne Septemba anaingia. Amekubali mwenyewe. Mama hulia kila akiitazama cherehani ya Kavata, ambayo siku hizi haishoni kitu.

Mbithi, kuna jambo linaninyima raha. Unakumbuka tukitoka kisimani na mitungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso? Kila baada ya hatua chache Kavata alikuwa akisema, "Ngojeni nifunge kamba." Anakaa chini, anafungua fundo lote, analifunga tena polepole. Tulimwita Mama Fundo tukamwacha hapo, tunaenda zetu tukiimba. Jina hilo nilitunga mimi. Na ni mimi niliyemwambia Mama kwamba Kavata ni mvivu, akachapwa. Fundo halikuwa limelegea hata siku moja. Alikuwa akitafuta pumzi na hakujua namna ya kusema.

Mzee Kisemei aliona. Ndiye aliyemtolea punda ambebee maji, nasi tukanuna wiki nzima eti anapendelewa. Juzi tulikutana kwenye duka la dawa za mifugo, akaniuliza, "Yule msichana wa punda yangu ako aje?" Nililia mbele ya watu.

Nakuomba umwandikie kabla ya tarehe hiyo. Usimwandikie mambo ya hospitali, hayo ameyasikia ya kutosha. Mkumbushe nyumbu, na siku ile ulipoangusha mtungi ukajifanya umeumwa na nyoka. Bado humchekesha, ingawa siku hizi kicheko kinaishia kwenye kikohozi.

Jana Jumapili tulitoka kanisani kwa miguu, mimi na yeye. Tulipokaribia lango alisimama, akanishika mkono, akasema, "Nzisa, ngoja nifunge kamba." Hakuwa na mtungi wala kamba. Alikaa chini, akitabasamu. Nilitaka kumwomba msamaha. Niliketi tu kando yake kwenye vumbi, na gauni langu la kanisa, mpaka aliposema twende.

Msalimie sana Tabitha na umbusu Roy. Mama, Kavata na Yvonne wanakusalimu. Mungu akulinde huko ugenini, na Krismasi atukutanishe hapa nyumbani tukiwa watatu, tuende kisimani pamoja. Safari hii hakuna atakayetangulia.

Dadako akupendaye,
Nzisa