Yanatosha, Mama

Kato, nimenaswa na maneno yangu mwenyewe. Nakuandikia kutoka Gumbo, kwa wakwe zangu.

Niliwaeleza kwamba bakteria wa maziwa ya mgando huweza kupunguza kolesteroli mwilini. Daktari aliniambia hivyo: huenda yakasaidia kidogo, pamoja na dawa.

Sikulitaja neno "kidogo". Wala "pamoja na dawa".

Mama mkwe akaniuliza, "Kwa hiyo maziwa yangu yanatosha, mwanangu?"

Nikajibu, "Yanatosha, mama." Mbele ya ukoo mzima, Kato. Yanatosha.

Akavichukua vidonge vyangu vya moyo, akavifunga kwenye pindo la kitenge chake. "Basi hivi vya nini?"

Kisha akaniletea kibuyu. Juu ya maziwa inaelea samli, nene kama kidole, kwa kuwa hapa mkwe huheshimiwa kwa samli. Kukikataa ni kumtukana.

Wewe unanijua tangu bweni. Sijawahi kulifuta neno langu, lakini vidonge vile navihitaji leo.

Nilimgeukia mke wangu Scovia aniokoe. Yeye alikuwepo kwa daktari, alisikia kila kitu.

Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Mwongezee, mama."