Nembo Inayozunguka Kwenye Skrini ya Mama

Jumanne, 4 Machi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naahidi kukueleza yote bila kuficha. Mama ni mchoraji wa ramani za nyumba, na tangu aumie mgongo anafanyia kazi chumbani, lakini kompyuta yenyewe iko ofisini, mbali, na kinachotufikia kwa mtandao ni picha ya skrini yake tu, mama akisogeza kipanya hapa mstari unachorwa kule halafu picha inarudi, na siku hizi inarudi kwa kusuasua, anabofya, anangoja, anabofya tena, mara mistari inatokea miwili na ukuta umepinda.

Jana bosi alipiga simu. "Dada, unachora au unasinzia?"

"Mtandao, bosi."

"Wenzako hapa mbona hawalalamiki? Mwezi ukiisha natafuta mwingine."

Mama alicheka kidogo, akakata simu, akageukia ukutani.

Mshauri, bosi ameamuru kila kompyuta iwe na nembo ya kampuni inayozunguka nyuma ya kazi. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba skrini ikitumwa mbali, hutumwa sehemu zilizobadilika tu. Nembo ile haitulii hata kidogo, basi mtandao wetu mwembamba unahangaika kuibeba, na mstari wa mama unakaa foleni. Nilipomwambia alinijibu, "Nyamaza, mwanangu. Bosi aliichora mwenyewe, anaipenda kama mboni ya jicho." Nimwandikie bosi mimi, au ninyamaze nimwone mama akifukuzwa? Tafadhali, nijibu upesi: nifanye lipi?

Binti Mchoraji

*

Binti yangu,

Pole sana. Lakini kalamu hiyo iweke chini! Barua ya mtoto itamwaibisha bosi, na aibu yake ataimalizia kwa mama yako.

Msomee mama haya. Mama, unaona haya kuigusa nembo ya mtu huku kazi inakuponyoka? Mficha uchi hazai. Kesho mpigie fundi wa kompyuta za ofisi, aisimamishe nembo kwenye mashine yako peke yake, uchore ukuta mmoja. Ukinyooka, mpelekee bosi ukuta huo, umwambie nembo ni nzuri, ibaki, ila kwako isizunguke. Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Wako wakubwa wanaopenda nembo kuliko watu. Ila akikufukuza, akufukuze ukiwa umeshasema.

Nawe binti, mama akimpigia fundi simu hiyo, kaa kando yake.