Nimemruhusu Nafula Aende Mbio Siku ya Msalaba Wako

Mama Tabitha, mwenzangu,

Nimefanya jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na watu wengine huko mliko. Mjukuu wako Nafula hatakuwa kwenye ukumbusho wako kesho. Ameenda Nairobi, kwenye mbio za nyika za taifa. Nimemruhusu mimi. Shemeji Makokha hajui.

Sasa umejua. Tangu asubuhi moyo wangu unatwanga kama mchi, chai imenishinda, na huyu Zipora wa kanisa anayeniandikia ameniambia mara mbili nikae chini. Nikikaa nasimama. Wewe unanijua. Mimi kalamu sikuwahi kuishika, lakini maneno haya ni yangu yote, na nimemwambia asinitengenezee hata moja.

Kaburi lako limejengewa simiti. Msalaba umesimama, umefunikwa kitambaa cheupe mpaka kesho. Hema limeletwa, fahali amefungwa nyuma ya jikoni, jamaa zetu wa Lumakanda wamepiga simu wako njiani. Tangu mzee wetu aende, Makokha ndiye amekuwa sauti ya boma hili, na alisema mapema: kitambaa kitavutwa na Nafula, kwa sababu ndiye mjukuu aliyelala nyumba moja na wewe mpaka siku ya mwisho. Sikubisha. Ni haki yake na ni haki yako. Tarehe ikatangazwa kanisani.

Halafu mvua ikaharibu uwanja, wenye mbio wakasogeza siku yao. Ikaangukia kesho hiyo hiyo.

Mbio hizi mimi nazijua kupitia miguu yako. Uliingia humu ukiwa mke wa pili, na mimi nilikununia vizuri sana, mpaka siku lori la kiwanda lilipokuja kukuchukua. Ulikuwa unapalilia miwa yao, na kiwanda kilikuwa na timu. Wakati huo wanaume ndio waliopewa safari ndefu. Nyinyi wanawake mlikimbizwa kipande kifupi, kama watoto waliotumwa chumvi. Wazee walisema tumbo lako la uzazi litaanguka njiani. Mama mkwe akakataa kumshika Tabitha, ati hamshiki mtoto wa mwanamke anayerukaruka mbele ya wanaume. Nikamchukua mimi. Nikampa titi moja, wangu titi la pili, nikakwambia nenda, lakini usirudi wa mwisho.

Ulirudi na matope mpaka kwenye nyusi, vidole vimechubuka, maana ulikimbia miguu mitupu. Nikakuuliza umekuwa wa ngapi. Ukavuta kigoda, ukakaa kama chifu, ukasema, "Mkubwa, nyuma yangu wamebaki Wakenya wengi."

Kununa kwangu kuliishia hapo. Nani angeweza kumnunia mtu wa namna hiyo?

Miaka ikaenda. Viatu vya misumari vikaja, wazungu wakaja na saa zao za kubonyeza, wasichana wa Bonde la Ufa wakaja, wembamba kama mabua, wakakupita na kukupita tena. Ulipoacha kukimbia ukahamia kwenye redio. Siku ya mbio za taifa hakuna aliyesonga obusuma, yaani ugali, humu mpaka wanawake wamalize, na mzee wetu alikuwa akizunguka jikoni akiguna kama jogoo aliyefungiwa nje. Unakumbuka siku waliyotangaza wanawake watakimbia kilomita kumi, sawa na wanaume? Uliipiga redio kofi kwa furaha mpaka betri zikatoka. Tukazitafuta chini ya kitanda, wanawake wawili wazee, matako juu.

Ulipokuwa hai, Nafula alikuwa anakimbia kukufurahisha tu. Ulipozikwa ndipo alianza kukimbia kweli. Kila asubuhi, barabara ya murram mpaka kwenye mizani ya miwa na kurudi, haongei na mtu. Sikumkataza. Sisi tulilia na macho, yeye akaenda kulia huko. Akashinda wasichana wa kaunti. Akapelekwa mbele, huko nako akachukuliwa. Mwalimu wake akaja hapa, akanieleza taratibu: kesho watu wa kambi ya wakimbiaji watasimama kwenye mstari wa mwisho, wachague wasichana wachache wa kuwalea na kuwafundisha. Anamaliza shule mwaka huu, mwenzangu. Asipochaguliwa kesho, kinachomngoja hapa ni jembe, na vijana wa boda boda ambao wameshaanza kunisalimia kwa heshima nyingi sana.

Nilienda kwa Makokha. Nilienda vizuri, na kuku mkononi. Akamchukua kuku. Halafu akasema, "Mama yetu amengoja mwaka mzima kwenye udongo, leo mtoto wake aende kurukaruka Nairobi na nusu suruali?" Akasema mjukuu wa nyumba akikosekana, marehemu ameachwa kama mtu asiye na watu. Akasema likitokea lolote baadaye, ng'ombe akianguka au mtoto akiugua, tusimtafute.

Hilo la mwisho ndilo limebaki na mimi. Siogopi Makokha, Makokha nilimpangusa kamasi. Naogopa kwamba huenda anasema kweli.

Nafula mwenyewe alikubali kubaki. Aliniambia mimi bibi yake, "Kukhu, wacha tu. Mbio ziko kila mwaka." Akatabasamu, akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nikamtazama mgongo. Wewe ulisemanga mbio ziko kila mwaka, miguu ndiyo haiko kila mwaka. Ulisema hivyo ukijifunga kitambaa gotini, na hukuwa unacheka.

Basi leo asubuhi nikamwambia Nafula kwamba babu yake Makokha amekubali. Nilisema bila kupepesa. Aliruka juu kama mwana-mbuzi, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Akaenda kaburini kwako na viatu vyake vimefungwa kamba shingoni, akasimama kidogo, sijui alikwambia nini. Kisha gari la timu likapiga honi barabarani.

Tangu hapo sina raha. Atalala wapi? Watampa nini cha kula? Nairobi kuna baridi, na sweta ameliacha kwenye kamba. Vipi kama Makokha atampigia simu leo jioni, mtoto ajue nimemdanganya, akimbie kesho na mawe tumboni? Na vipi kama ataanguka, na wewe uko huku peke yako na kitambaa chako, na kila mtu ananiangalia mimi?

Tabitha nimemwambia. Akasema kwenye simu, "Mama, umefanya. Sasa tutasema nini?" Huyo ni mtoto wako kabisa, hapotezi muda kulia.

Nimefikiri tutakachosema. Kesho Makokha akisimama na kuuliza mtoto yuko wapi, nitasimama na mimi, mbele ya pasta na watu wa Lumakanda, niseme ulinitokea kwenye ndoto ukaagiza aende. Hapo Makokha atakaa. Hakuna mzee wa kwetu anayeweza kumbishia marehemu aliyejitokeza mwenyewe.

Shida ni moja. Hujanitokea.

Mwaka mzima, mwenzangu. Tabitha ulimwendea Mumias, ukamwambia abadilishe mlango. Makokha mwenyewe ulimwendea. Hata Mama Ayuma, ambaye mlikuwa hamsalimiani kwa sababu ya mbuzi wake, ati ulimtokea umevaa gauni la buluu, ukamwomba chumvi. Mimi niliyemnyonyesha mtoto wako, hata kikohozi. Sikutaka kukuuliza, nikasema labda ana shughuli. Lakini leo nauliza.

Zipora akimaliza kuandika nitamrudisha kwake. Nitaingia nyumbani mwako, nilale kwenye kitanda chako mchana huu huu, nifunge dirisha. Njoo. Usikae sana, najua huko kuna taratibu zake. Useme neno moja tu, aende au asiende. Ukisema asiende, nitampigia mwalimu wamrudishe kabla hawajafika mbali, na nitabeba macho ya mtoto yule mpaka nife. Ukisema aende, nitasimama kesho nikiwa nimenyooka.

Na usipokuja, nitasimama hivyo hivyo. Nakuahidi. Kitambaa nitakivuta mimi kwa mkono wangu, nitasema umemtuma, na nikifika huko utanigombeza vizuri, tukiwa wawili, bila Makokha.

Pumzika, Mama Tabitha. Mlango sijaufunga na komeo.

Mkubwa wako.