Mtaa Mtulivu Niliomchagulia Mama Yao

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa bado naweza kushika kalamu. Kwa miaka sita nimewaficha wanangu jambo moja: mama yao hakufia usingizini.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu, moyo wangu umechoka na daktari hanifichi tena, na zamani tuliishi katika mtaa wa nyumba zilizobanana, mke wangu akishona barazani na mtaa mzima ukimwita Mama Cherehani, na ile cherehani ikinyamaza kidogo tu jirani anapaza sauti kutoka jikoni kwake, "Vipi, Mama Cherehani, uzi umekatika au umesinzia?" naye anamjibu, "Nasinzia kwa raha zangu, wewe angalia sufuria yako isiungue," wanacheka, nami ndani na gazeti langu siwezi kumaliza ukurasa. Ndipo tukaibiwa. Kufuli lilivunjwa mchana, ikaondoka redio ambayo hata stesheni ilikuwa haishiki, cherehani ikabaki palepale, nami nikasema basi, hapa si pa kuishi, nikatafuta nyumba katika mtaa salama na mtulivu, wenye kuta ndefu na mageti ya chuma, ambako hata jani likianguka utalisikia. Mke wangu alilia, lakini alinifuata.

Huko hakupata mteja wala wa kumsalimia. Asubuhi moja nilikwenda kliniki kuchukua dawa zangu, foleni ikawa ndefu, niliporudi alasiri nikamkuta uani karibu na bomba, ameteleza, nyonga imevunjika, jua limempiga muda wote huo, na neno aliloniambia, kwa sauti iliyokauka, ni hili: "Nimeita, baba watoto. Nimeita mpaka nimechoka." Hospitali alifika, roho haikukaa. Jirani wa geti la pili alisema alisikia sauti akadhani ni televisheni. "Huku hatuingiliani, mzee," aliniambia. Watoto walifika siku ya mazishi, nikawaambia mama yao alilala tu, hakuamka.

Sasa kitindamimba wangu ana mimba ya miezi saba, mumewe ni dereva wa malori na hukaa safarini wiki nzima, naye anataka kupanga nyumba ya geti la tatu kutoka kwangu, aache nyingine nzuri aliyoonyeshwa kule kwenye mtaa wetu wa zamani. Nilimwambia afikiri tena, akacheka. "Baba, si wewe uliyetufundisha kwamba mtaa mzuri ni ule ambao jirani hakujui? Na kule si kuna wezi? Si tuliibiwa?" Anahamia mwisho wa mwezi. Nimwambie, au niende nayo kaburini?

Mkaguzi mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa kufiwa na mama watoto, na pole kwa kuumeza mwiba huo peke yako. Baada ya pole, uniruhusu nikukaripie, maana umekagua shule za watu na leo zamu ni yako.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe unataka kukingoja kije kikusemee? Binti yako atajifungulia kwenye ukimya uleule uliommaliza mama yake, na wewe unaniuliza umwambie au usimwambie. Mwite. Si kwa simu. Aketi mbele yako. Mpe neno la mama yake kama lilivyotamkwa, usilipambe.

Kisha nendeni mkakague mitaa yote miwili, kazi hiyo unaijua. Msiende Jumapili na dalali, Jumapili kila mtaa umeoga. Nendeni mchana wa siku ya kazi, mpige hodi kwa jirani, mwombe maji ya kunywa. Mkipewa maji na kuulizwa mmetoka wapi, hapo pana watu. Mkichunguliwa kwenye tundu la geti, rudini. Tazameni kama njia ina taa, maji ya mvua yanaelekea wapi, na kama gari la kumpeleka mzazi hospitali linafika mlangoni. Wezi wapo kila mahali, ila mtaa wenye macho huwapa kazi ngumu. Afunge kufuli imara, na ufunguo wa pili akae nao jirani.

La mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwa huyo mwizi. Katika mtaa ambao cherehani ikinyamaza watu wanauliza, yeye alivunja kufuli mchana na hakuna aliyemsikia? Akaacha cherehani, akabeba redio mbovu? Sikushtaki, mzee wangu. Lakini binti yako anaukimbia mtaa kwa kumwogopa mtu huyo. Ukimwita, mwambie yote.

*

Mshauri, nimemwita. Nilimweleza kwanza habari ya bomba, akalia huku ameshika tumbo lake. Nikamweleza ya pili, akaacha kulia, akanitazama, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Akaniuliza, "Kwa nini, baba?" Nikamwambia kwamba nilikagua shule za wilaya nzima, na mtaani nilikuwa mume wa Mama Cherehani tu, nikachoka. Alichukua mkoba wake akaenda kuiangalia tena ile nyumba ya mtaa wa zamani. Sijui kama atarudi kwangu.

Nawe nakuandikia ili ibaki kwa mkono wangu. Siku ile ya wizi mke wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo. Jirani alisikia nyundo, akapaza sauti kutoka jikoni kwake, "Baba, unatengeneza mlango?" Nikamjibu, "Ndiyo, jirani." Hakunisema kamwe, nadhani kwa heshima ya rafiki yake. Redio niliitumbukiza chooni. Mwizi hakuwahi kuja. Kufuli nililivunja mimi.