Nyenje Katika Nyumba ya Mpuliza Dawa

Nyumbani,
Jumapili alasiri.

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninatumaini barua hii itakukuta mzima, mikono yako haijachubuliwa sana na hayo majokofu unayoyatengeneza, na kwamba unakula kabla ya kulala, si kulala tu kama Mama anavyokushuku. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima kabisa. Kile kikohozi ambacho jirani alikupigia simu kukueleza hakikuwa kikohozi, kwa hiyo usimtumie dawa. Nitakueleza kilikuwa nini nikifika mahali pake. Mimi ninasoma kwa bidii, na katika sayansi ninaendelea vizuri kuliko nilivyotazamia.

Katika ujumbe wako uliuliza habari za Mama, habari zangu na habari za Mstaafu. Za Baba hukuuliza. Nitakuandikia hata hizo, Kaka, na ninakuomba usiziruke, kwa sababu habari za Baba na za Mstaafu zimeingiliana kiasi kwamba siwezi tena kuzitenganisha.

Siku ile ulipomwambia Baba kwamba hutabeba bomba la kupulizia dawa maisha yako yote, naye akakujibu kwamba mlango uko wazi, uliniachia kizimba cha kinyonga wako, Mstaafu, dirishani pangu kwa kuwa chumba ulichopanga hakiruhusu mnyama. Ulisema utamrudia. Uliniachia pia kopo la nyenje na maelezo mafupi kwamba anakula wadudu. Kaka, nisamehe, lakini "wadudu" ni neno pana mno. Ni sawa na kumwambia mgeni kwamba wewe unakula vitu.

Nyenje wa kopo hawakukawia kwisha. Nikaanza kutafuta. Kwanza nilimletea sisimizi, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu. Mstaafu alinitazama mimi kwa jicho moja, akawatazama sisimizi kwa jicho la pili, kisha akayafumba yote mawili. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, alisema ndivyo hasa Baba anavyofanya akipakuliwa kiporo. Nikamletea mbawakawa, alimtafuna kidogo akamtema, maana ganda lake lilikuwa gumu kama kifungo cha koti. Nikamletea nzi, naye akamnasa kwa ulimi kabla sijaufunga mlango wa kizimba. Nilifurahi sana, nikamsimulia mwalimu wetu wa sayansi. Mwalimu hakufurahi. Aliniuliza kama ninajua huyo nzi alistaftahi wapi.

Swali hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mwalimu akanieleza kwamba mdudu ni mfuko tu. Kilichomo ndani ya mfuko, na kilichoupaka mfuko kwa nje, ndicho anachokula kinyonga. Ukimpa nyenje aliyeshinda njaa, umempa mfuko mtupu. Ukimlisha nyenje karoti na majani mabichi kwanza, umempa kinyonga karoti na majani pamoja na nyama yake. Tangu hapo sikuweza kumtazama mdudu yeyote bila kujiuliza amebeba nini.

Nilijifunza mengi, Kaka, na mengine utacheka. Nilijifunza kumwepuka kiwavi mwenye manyoya na mdudu mwenye rangi za kung'aa, kwa kuwa mara nyingi rangi hizo ni onyo la sumu, na vimulimuli usiwaguse kabisa. Nilijifunza kusaga maganda ya mayai yakawa unga laini, nikawapaka wadudu kwa ajili ya mifupa ya Mstaafu. Baba alinikuta siku moja nikifanya hivyo, akauliza tangu lini wadudu wanapakwa unga kabla ya kukaangwa. Nilijifunza pia kwamba mdudu asizidi upana wa kichwa cha anayemla, asije akamkwama. Nilichukua uzi mwekundu katika kikapu cha Mama cha kushonea, nikapima kichwa cha Mstaafu, nikaukata uzi na kuutundika kwenye msumari kando ya kizimba. Kila panzi alipimwa kwa uzi huo. Nilimweleza Mama kanuni hii mara nyingi tukiwa mezani, hadi akaniomba nimwache amalize kula.

Panzi nilikuwa nikiwakamata majanini, lakini kamwe si mahali ambapo Baba amepuliza. Kila asubuhi nilimuuliza Mama ni upande gani Baba anafanya kazi siku hiyo, nami baada ya shule nilikwenda upande mwingine. Majani yalipokauka, panzi wakaadimika, nikaamua kufuga nyenje mwenyewe. Niliwapata wachache, nikawaweka katika ndoo ya plastiki yenye trei za mayai za kujifichia, nikaificha stoo nyuma ya kapu la nguo chafu. Mama alijua. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba asimwone hata mmoja jikoni.

Kitu ambacho mimi na Mama hatukukikumbuka ni kwamba nyenje huimba.

Unamjua Baba. Unajua anavyosema kwamba katika nyumba hii mdudu huingia kwa miguu na kutoka kwa ufagio. Jioni moja tukiwa mezani nyenje wa kwanza akaanza. Baba akaweka kijiko chini. Mama akakohoa. Nyenje akanyamaza, Baba akachukua kijiko, nyenje akaanza tena, na Mama akakohoa kwa nguvu zaidi. Jioni zilizofuata zilikuwa hivyohivyo, hadi jirani akaja kumpa pole na tangawizi, na ndipo nadhani alipokupigia. Mwishowe Baba alisema kwamba mke wake ana kikohozi cha ajabu, kinachoanza baada ya mlio na si kabla. Akainuka, akaenda moja kwa moja hadi stoo, akarudi na ndoo mkononi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu ni nani atakayekaa kwenye kiti cha kinyozi mwenye chawa, na ni mteja gani atakayemwita mpuliza dawa ambaye nyumbani kwake wadudu wanaimba kwaya. Akasema hana ugomvi na mimi, lakini ndoo ihame. Kuhusu Mstaafu alisema ni mnyama wa mtu aliyeondoka, na mtu aliyeondoka angeondoka na vitu vyake. Mama alitazama sahani yake. Mimi nililia kidogo, lakini baadaye.

Mwalimu alinikubalia niiweke ndoo katika chumba cha sayansi. Tatizo likawa kwamba chumba hicho kikifungwa, hakifunguki kwa sababu ya njaa ya kinyonga. Siku za mapumziko Mstaafu alikuwa akipungua, na ngozi ya ubavuni ikaanza kuonyesha mbavu.

Halafu likatokea jambo lililonishangaza. Mstaafu akaanza kunenepa. Nilikuwa nikirudi na nyenje wangu, naye ananitazama kwa heshima tu, kama mtu aliyetoka kwenye karamu. Chini ya kizimba nilikuta mguu wa panzi, siku nyingine bawa. Nilimuuliza Mama, akaapa kwamba hajagusa panzi tangu azaliwe na hana mpango wa kuanza uzeeni. Nikachunguza wavu wa dirisha nikidhani wadudu wanaingia wenyewe. Haukuwa na tundu. Nilikuwa na furaha na wasiwasi pamoja, kwa sababu mifuko ile sikuijua imebeba nini.

Siku niliyoiogopa ikafika. Niliporudi shuleni nilimkuta Mstaafu chini ya kizimba, ameachama, amekuwa mweusi, na miguu yake inatetemeka. Nilipomweka juu ya tawi hakuweza kulishika. Nilimwita Mama, naye akamwita Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anazima pikipiki, bado amevaa ovaroli ya kazi. Mama alimwambia kwamba anayebeba mabomba kwenda nyumba za watu hashindwi kubeba mjusi mmoja kwenda kwa daktari. Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alimpokea Mama sanduku alimokuwa amemweka Mstaafu, akanipa mimi nilikumbatie, tukaondoka.

Daktari wa mifugo, ambaye siku nyingi hutazama ng'ombe na mbwa, alimgeuza Mstaafu taratibu, akauliza anakula nini. Nikamweleza yote: karoti, unga wa maganda ya mayai, uzi mwekundu. Akaniuliza nyumbani kwetu kunafanywa kazi gani. Nilipomjibu, akaacha kuandika. Akasema dalili hizi anazifahamu kutoka kwa mbwa wanaolamba sumu ya wadudu. Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu nyenje wangu wanakaa shuleni, na panzi sijawahi kuwachukua mahali palipopulizwa. Nilisema kwa ukali, Kaka, nami sijawahi kusema na mtu mzima hivyo.

Ndipo Baba, aliyesimama mlangoni, akavua kofia. Akamwambia daktari kwamba mtoto anasema kweli, na kwamba mlishaji mwingine ni yeye.

Alieleza akiitazama sakafu. Alisema kila asubuhi, kwenye bustani za wateja, alikuwa akiwakamata panzi kabla hajafungua bomba. Alirudia mara kadhaa kwamba ilikuwa kabla, si baada, kwamba yeye si mjinga, dawa anaijua. Wakubwa aliwaacha. Akaingiza mkono katika mfuko wa ovaroli, akatoa uzi mwekundu, uliokatwa sawasawa na ule wa kwenye msumari wangu.

Daktari alimuuliza kwa upole aliwashika kwa kitu gani. Baba akasema kwa glavu, maana hafanyi kazi bila glavu. Akaulizwa aliwabeba wapi. Akataja mfuko uleule. Kisha akautazama uzi uliokuwa kiganjani mwake, akautazama mfuko, nami nikaona anaelewa mbele ya macho yangu. Glavu zile zilimkinga yeye na dawa. Panzi hazikuwakinga. Unakumbuka mzaha wake kwa wateja, kwamba kikulacho ki nguoni mwako? Tangu siku hiyo hajautamka tena.

Daktari alimsafisha Mstaafu mdomo na ngozi, akampa dawa ya matone, akasema tumweke penye joto, asipewe chakula mpaka atakaposhika tawi kwa nguvu zake mwenyewe. Hakutuahidi kitu.

Tulipokuwa tukirudi, Baba alisimamisha pikipiki kando ya barabara. Nilidhani imezimika. Hakugeuka. Alisema, akiwa amenipa mgongo, kwamba yule kijana aliacha kitu kimoja tu katika nyumba ile akisema atakirudia, na kwamba kila alipoziona mbavu za mnyama yule alijiuliza, hiki kikifa, atarudia nini. Nikamwambia, polepole Baba, sanduku linatikisika, ingawa tulikuwa tumesimama.

Hilo ndilo nililotaka ulijue, Kaka. Hakunituma nikuambie.

Siku zilizofuata Baba alikuwa akiniuliza hali kutoka mlangoni pa chumba changu, mikono nyuma, kama mtu aliyezuiwa kuingia wodini. Nilimwambia anaweza kukaribia. Alisema bado. Alihamisha mabomba na dawa zote kutoka stoo, akajenga kibanda chenye kufuli mwisho wa uwanja, na sasa huko ndiko anakovulia nguo za kazi na kunawa hadi viwikoni kabla ya kuingia ndani. Mama anasema sabuni tunayotumia ingetosha hoteli.

Halafu asubuhi moja nikamkuta Mstaafu juu ya tawi, amelishika kwa miguu yote na mkia, rangi yake ya kijani imerudi, na macho yake yanatazama pande mbili tofauti kama zamani. Nilimwita Baba. Alisogea hatua kwa hatua, akauliza kwa sauti ndogo ni jicho lipi linalomtazama yeye. Nikamwonyesha la kushoto. Akaliamkia.

Mlo wa kwanza aliuchagua yeye. Alikwenda nami shuleni kuichukua ndoo, akamtafuta nyenje aliyetoka tu kujivua ganda, mweupe na laini, akampima kwa uzi mpya, akampaka unga wa maganda ya mayai bila kutaja kukaanga. Ulimi ulipotoka, Baba aliruka nyuma akagonga kabati. Kisha akacheka, kicheko kile cha tumbo ambacho hatukuwa tumekisikia tangu uondoke. Mama alikuja mbio kutoka jikoni kuona ni nani.

Nyenje sasa wanaishi nyumbani. Jioni wanaimba, Baba anakula, Mama hakohoi. Jirani alipouliza ni sauti gani hiyo katika nyumba ya mpuliza dawa, Baba alimjibu bila kutabasamu kwamba hao ni wafanyakazi wake, wako zamu. Mwalimu naye amenitaka nisimame mbele ya darasa nieleze namna ya kumchagulia kinyonga chakula, na ameniambia kwamba kuna watu wanaosomea mambo haya hadi chuo kikuu. Sijamwambia mtu kwamba ninataka. Wewe ndiye wa kwanza.

Mama anakusalimu sana, anasema upunguze chumvi na ununue shuka la pili. Jirani anakusalimu. Mstaafu anakusalimu kwa jicho moja. La pili ana shughuli nalo. Nilipomwambia Baba kwamba ninakuandikia, alisema nikueleze kwamba kinyonga anakula vizuri. Nikamuuliza kama kuna lingine. Akasema hapana, hilo linatosha, akatoka. Sasa hivi amerudi, amesimama mlangoni na mikono yake bado ina maji, anauliza kama nimeandika kwamba ni yeye anayemlisha.

Nimemwambia ndiyo, nimeandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mlezi Msaidizi wa Mstaafu.