Uzito Ulioandikwa kwa Rangi

Mjukuu wangu Rashidi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mama yako hajambo, na nyanya yako ametoka hospitali ya Msambweni akitembea mwenyewe, alhamdulillahi.

Waniuliza ujiunge na chama kipi cha kunyanyua vyuma: cha ridhaa, ambacho bado kinakunyima daraja, au cha kulipwa, kilichokuita bingwa siku ya kwanza. Hapo kwenye siku ya kwanza ndipo ninaposhtuka.

Miaka ile ya uhuru alitujia bwana mmoja wa chama cha kulipwa, na vyuma vilivyoandikwa uzito kwa rangi nyeupe. Rafiki yangu Bakari, ambaye chama chetu cha ridhaa kilikuwa kimemnyima daraja la kwanza, alivinyanyua kama anayeinua mto. Akavishwa mkanda wa bingwa, watu wakashangilia. Mimi nilimtazama yule bwana. Hakushangaa hata kidogo.

"Tuvipime kwenye mzani wa mbata," nikasema, nikiuonyesha mzani wa wauza nazi kavu.

"Humwamini mgeni?" akacheka, huku akianza kuvifungasha.

Bakari akanikasirikia. "Wanionea wivu?" Lakini akavibeba mwenyewe hadi mzanini. Havikufika hata nusu ya uzito ulioandikwa.

Alivua mkanda, akamrudishia yule bwana. Mwaka uliofuata alilipata daraja letu, mbele ya watu wachache tu, naye akalia kwa furaha.

Sikukatazi, mjukuu wangu. Ila kabla hujatia sahihi, waombe mzani, kisha uwatazame nyuso.

Babu yako,
Hamisi