Kasha Lisilo na Kioo

Kharumwa, Jumanne, saa tisa na nusu alasiri. Mvua inanyesha na jua linawaka kwa wakati mmoja, ngurumo ziko mbali upande wa Geita, na mimi naogopa.

Nianze na hilo nisije nikajizungusha. Mimi Shija, fundi wa kuchomelea, mtu ninayeshinda karashani nikiziba mashine za kusagia mawe ya dhahabu, cheche zikinirukia hadi ndani ya viatu, naogopa kidude cha ukubwa wa tofali ambacho hata hakijafika nyumbani. Kinaitwa pawa saplai. Ndicho kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Leo ndiyo siku niliyomwahidi muuzaji wa Kahama kwamba nitamjibu nachukua kipi.

Sijamjibu.

Orodha ninayo tangu mwezi wa nane, nimeiandika nyuma ya kalenda ya parokia. Kila kifaa nimekipima kwa swali moja: kitafika miaka kumi? Prosesa nimechukua ya kati, kwa sababu ile ya juu inachemka mno na joto hapa tunalo la kutosha. Kadi ya grafiki ya feni mbili, haina makeke, lakini gemu la malori inalibeba vizuri tu. Mazabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, yenye nafasi za kuongezea vitu baadaye. Ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, nimezidisha. Feni tatu zenye chujio, maana vumbi la karasha hapa kwetu linaingia hadi kwenye kopo la sukari. Na kasha zuri jeusi, ubavu mzima kioo, taa ndani zinabadilika rangi. Lile kasha, jamani, nililipenda tangu siku ya kwanza nilipoliona.

Muuzaji amenichoka. Juzi aliniuliza kwenye simu, "Fundi, unajenga kompyuta au ghala la mahindi?" Nikacheka. Sikumwambia kwamba natafuta vya kudumu kwa sababu nikishaifunga sitaki kuifungua tena. Siiamini mikono yangu.

Ya kwanza niliijenga kwa mikono hiihii, na iliwaka moto.

Ilikuwa mwaka jana, msimu kama huu. Niliiacha ikipakua gemu nikaitwa karashani, si mbali, mashine ilikuwa imepasuka. Niliporudi nilikuta moshi unatoka dirishani na mama yuko sebuleni anamwaga mchanga kwa sufuria. Pazia lilikuwa limeisha. Ukuta ulikuwa mweusi hadi darini. Na kiganja chake cha kulia, sitaki hata kukiandika. Alisema alilivuta pazia likiwa linawaka. Mpaka leo anashika mwiko kwa kidole gumba na vidole viwili, na ugali wake anausonga kwa shida, lakini nikimwomba mwiko ananifukuza jikoni.

Watu wakauliza imekuwaje. Nikasema umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Mama akaitikia, "Ndiyo, ulirudi kwa nguvu." Majirani wakatupa pole.

Nilidanganya.

Ukweli ni kwamba ile pawa saplai niliitoa kwenye lundo la vyuma chakavu. Ilikuwa ya kompyuta kuukuu ya ofisini. Aliyeniuzia aliniambia kabisa, hii ni ya kuandikia barua, gemu haibebi. Nikajibu nitaona. Nilikuwa na haraka ya kucheza, basi. Kwa uroho huo nikamuunguza mama yangu, na kwa mwaka mzima nimekula ugali wake nimenyamaza. Aibu gani hii.

Mtu atauliza, sasa kompyuta nyingine ya nini? Nami nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba mama hajawahi kufika mbali zaidi ya Mwanza, na sasa magoti yanamkatalia hata kwenda Geita. Lakini nilipokuwa nikiendesha lile lori la kwenye gemu, milima, theluji, madaraja, alikuwa anavuta kigoda na kukaa kando yangu kama abiria. Anauliza tumefika nchi gani. Akichoka ananiambia, "Dereva, simama watu wachimbe dawa." Nasimamisha lori kweli, pembeni ya barabara ya Ulaya, anaenda chooni, anarudi, tunaendelea. Tangu moto ule hajaniuliza tena habari ya safari. Na hilo ndilo ninalolitaka lirudi. Ila kila nikishika simu nimjibu muuzaji, nausikia ule moshi puani.

Sasa niandike ya leo.

Saa nane ngurumo zilianza. Mama akafanya anachofanya siku zote radi inapokaribia: akavua kilemba chekundu, akafunika kioo cha ukutani kwa khanga, maana kwao walifundishwa kwamba radi hufuata rangi nyekundu na kinachong'aa. Mimi nilikuwa mkekani na simu, naangalia picha ya lile kasha. Akapita nyuma yangu, akasimama.

"Shija, hicho ndicho unacholeta?"

"Ndiyo, Mama."

"Hapo ubavuni ni nini?"

"Kioo, Mama. Chote."

Akakaa chini kwenye mkeka, yeye ambaye kukaa chini ni kazi na kuinuka ni kazi zaidi. Akasema, "Yaya, ng'wanawane. Hapana, mwanangu, usilete." Nikadhani anaogopa gharama, nikaanza kumweleza. Akaninyamazisha kwa mkono. Akainuka, magoti yakilia, akaingia chumbani kwake, na nikasikia anavuta kitu chini ya godoro.

Alitoka na kitenge. Kile cha maua ya njano alichosema kimepotea mtoni. Akakikunjua. Katikati kilikuwa na tundu la kuungua, duara kabisa, saizi ya feni ya kompyuta.

Nilielewa kabla hajasema. Hata ile ya kwanza ilikuwa na ubavu wa kioo, kipande nilichokibandika mwenyewe kwa mapambo. Siku ile radi ilinguruma, mimi sipo, mama akafunika kioo cha ukutani, akageuka, akakiona kioo kingine kinang'aa na taa ndani. Akakifunika pia, vizuri, mpaka nyuma, akakunja na pembe zisipeperuke. Mashine inawaka, inakosa hewa. Alichokivuta kwa mkono hakikuwa pazia. Kilikuwa kitenge hiki.

"Mimi ndiye niliyechoma nyumba," akasema. "Nilipokusikia unasema ni umeme, nikasema asante Mungu, mtoto hajajua."

Nilitaka kukaa kimya. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: kwa dakika nzima nilitaka kukaa kimya, nimwachie mzigo wote na mimi nitoke mweupe. Nilijiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa moto.

Kisha nikamwambia. Lundo la vyuma, yule mtu aliyenionya, yote. Nikamwambia pawa saplai nzuri ikizidiwa na joto inajizima yenyewe, na kwamba angeweza kuifunika kwa blanketi la gereza na lisingetokea jambo zaidi ya kuzimika.

Nilitegemea atalia. Alinipiga na kile kitenge, begani, mara mbili.

"Mwaka mzima! Mwaka mzima nalala juu ya hiki kitambaa nafikiri nimekuulia maendeleo, kumbe wewe mwenyewe mwizi!" Akapiga tena. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia. Mtu mzima, fundi, nalia mkekani. Sioni haya kusema.

Basi tumepanga upya. Pawa saplai itakuwa ile nzito yenye dhamana ndefu, hata kama kadi ya grafiki itasubiri. Nyuma ya nyumba nitapigilia nondo ya athi ndani kabisa ya udongo, umeme ukizidi upate pa kwenda. Lile kasha la kioo nimeliaga. Kasha nitachomelea mwenyewe, bati nene, mbavu za chekeche, lipumue pande zote. Halitapendeza.

Nikamwambia mama, sasa halina kioo, hutakuwa na sababu ya kulifunika.

"Nitafunika," akasema. "Radi ni radi."

"Mama!"

"Utazima kwanza, ndipo nifunike."

"Na kama sipo?"

Akaanza kukikunja kitenge. Hapo hofu ilinirudia yote. Maana ndivyo ilivyokuwa siku ile, sikuwepo, na mvua za mwaka huu ndiyo kwanza zinaanza. Nikamshika mkono, ule wenye kovu, nikampeleka kwenye swichi ya ukutani pale kompyuta itakapokaa. Nikamwonyesha: chini ni kuwasha, juu ni kuzima. Akabonyeza kwa gumba. Akarudia. Akasema nisimfanye mtoto, na kwa kuwa ngurumo zilikuwa zimesogea mbali, akakifunua kioo cha ukutani.

Bado naogopa. Nimemwomba Mungu na nimesoma dhamana mara tatu, na bado naogopa. Sijui kama miaka kumi ipo kwa kifaa chochote, wala kwa magoti ya mama.

Ngurumo imepiga tena sasa hivi, karibu, bati limetetemeka. Mama ameinuka kwenye kigoda. Hakwenda kwenye kioo. Amekwenda kwanza kwenye ile swichi, ambayo haijachomekwa kitu chochote, akaizima, akangoja kidogo. Kisha akachukua khanga.

Nampigia muuzaji.